Umeapdeti kerneli, waifai au skrini ikafa: usipige mashine upya, anzia hapa

Laptopu jana ilikuwa poa, usiku umeapdeti Ubuntu au Mint (zote ni Linux), asubuhi unaiwasha unakuta waifai hamna, au sauti imekata, au skrini nyeusi tii, feni tu ndo inasikika. Kabla hujaitia kwenye begi upande daladala ya mjini kwa fundi, tulia kidogo. Hapa Arusha jibu la haraka wanalopewa wengi ni "hii tuipige upya tu", na ikishapigwa upya kazi za watu zinaondoka, tasnifu ya chuo, ratiba za wageni, mahesabu ya duka, vitu ambavyo mwenyewe hakuwa na kopi yake popote. Inauma sana, mana mara nyingi haikuwa lazima. Apdeti ya kerneli, yaani kiini cha Linux kinachoendesha vifaa vya mashine, haifuti ile uliyokuwa unatumia, inaweka mpya pembeni yake, kwa hiyo kerneli iliyokuwa inafanya kazi jana bado imo humo humo kwenye diski, ni wewe tu kuichagua.

Kwanza rudi kwenye kerneli ya jana

Zima, washa, na nembo ya Dell au HP ikitokea tu gusa Esc, hiyo ni kwa mashine za UEFI (mfumo mpya wa kuwashia mashine), zile za zamani za BIOS unashikilia Shift. Itakuja menyu ya GRUB, ile programu ndogo inayowasha kerneli. Ingia "Advanced options for Ubuntu", utaona kerneli zimepangana, ya juu ndo mpya, wewe chagua ya chini yake ambayo haijaandikwa recovery mode. Kama umegusa Esc mara nyingi ukaangukia kwenye mstari mtupu ulioandikwa grub> usiogope, andika normal, piga Enter, halafu gusa Esc tena mara moja, menyu inarudi.

Ikishawaka fungua terminali uandike:

`uname -r`

Hiyo namba iandike pembeni, utaihitaji. Sasa angalia, kama kwenye kerneli ya zamani kila kitu kiko sawa na kwenye mpya ndo kinakufa, basi kifaa chako ni kizima, ni draiva tu (programu inayounganisha kerneli na kifaa) haijahama na wewe. Ila kama kote kote kimekufa, acha kulaumu kerneli, cheki kwanza `rfkill list` kama waifai haijafungwa kwa kitufe (ukiona "Hard blocked: yes" tafuta kile kiswichi pembeni ya laptopu au kile kitufe cha kindege), na uwezekano wa kifaa chenyewe kuwa kimechoka nao upo, hasa kwa hizi za mtumba.

Na kama una kazi ya kupeleka asubuhi hiyo, endelea kuifanya kwenye kerneli ya zamani. Haina shida yoyote, hili lingine utalitafuta jioni ukiwa umetulia.

Kwa nini inatokea

Hapa nitakaa kidogo mana ukielewa hili mengine yote yanakuwa mepesi. Draiva nyingi za Linux zinaishi ndani ya kerneli yenyewe, kerneli ikipanda nazo zinapanda, hizo hazisumbui sana. Shida iko kwa zile za nje, nvidia ya kadi za picha, Broadcom ile inayoitwa wl, na draiva nyingi za vile vidude vya waifai vya USB vya Realtek ambazo watu wanazishusha wenyewe mtandaoni. Linus Torvalds ana msimamo mkali kwamba kerneli mpya isivunje programu za mtumiaji, ila kwa mambo ya ndani, yaani namna draiva inavyoongea na kerneli, hakuna ahadi ya namna hiyo, watengenezaji wanabadilisha wanavyoona inafaa. Kwa hiyo draiva iliyojengwa kwa ajili ya 6.5 huwezi kuichukua ukaipachika 6.8, lazima ijengwe upya.

Kazi ya kuijenga upya anaifanya DKMS, mfumo ulioanzia kwa mainjinia wa Dell mwaka 2003. Kila kerneli mpya ikiingia, DKMS anachukua msimbo wa draiva na kuujenga kwa ajili ya kerneli hiyo. Akifanikiwa hata hujui kama kuna kitu kimefanyika, akishindwa ndo asubuhi unakuta waifai hamna.

Halafu kuna jambo linawachanganya watu wa Ubuntu, mtu anasema "mi sijapandisha toleo, niko 22.04 ile ile". Kweli, ila 22.04 ilianza na kerneli 5.15, na ukiwa kwenye mkondo wa HWE (unaoleta kerneli mpya kwenye toleo lile lile), ambao ndo desktopu nyingi ziko, imepita 5.19, 6.2, 6.5 mpaka 6.8 kwa apdeti za kawaida tu. Hizo ni hatua kubwa, na kwenye hatua kama hizo ndo draiva za nje zinaanguka.

Waifai imepotea kabisa, hata orodha ya mitandao haipo

Ingia kwenye kerneli mpya ile yenye shida, halafu:

`lspci -nnk | grep -A3 -i network`

Tafuta mstari wa "Kernel driver in use". Kama upo, draiva imeshika na shida iko kwingine. Kama kadi inaonekana ila mstari huo haupo, umeshampata mwizi. Angalia zile namba kwenye mabano ya mraba, zikianza na 14e4 ni Broadcom, 10ec ni Realtek, 8086 ni Intel. Kwa kidude cha USB tumia `lsusb`, Realtek huko ni 0bda.

Sasa utauliza, nitainstoli vipi wakati intaneti yenyewe hamna? Chukua simu ya Android, ichomeke kwa waya wa USB unaopitisha data, mana kuna waya zingine ni za kuchaji tu, halafu kwenye mipangilio ya simu washa kushea intaneti kwa USB. Draiva ya njia hiyo iko ndani ya kerneli, inashika yenyewe ndani ya sekunde chache bila waifai yoyote. Bando halitaumia sana kwa hatua hizi za mwanzo, kinachokula ni kifurushi cha linux-firmware ambacho ni mamia ya MB, hicho usikiguse mpaka uwe na sababu.

Kisha:

`dkms status`

Inavyotakiwa ni uone jina la draiva, namba ya kerneli yako mpya na neno installed mbele yake. Ukiona imeandikwa added tu, au ina installed kwa kerneli ya zamani na mpya haipo kabisa, basi haikujengwa. Sababu ya kwanza kabisa kuicheki ni heda za kerneli (mafaili ya kujengea draiva) kukosekana, bila heda DKMS hana cha kujengea:

`sudo apt install linux-headers-$(uname -r)`
`sudo dkms autoinstall`

Ristati. Kesi nyingi za Broadcom na nvidia zinaishia hapo hapo. Na ili kesho isijirudie hakikisha una kifurushi cha linux-headers-generic, au linux-headers-generic-hwe-22.04 kama uko mkondo wa HWE, hicho ndo kinavuta heda mpya kila kerneli mpya inapokuja. Wengi wanainstoli heda za namba moja tu wanasahau hiki, apdeti inayofuata wanarudi pale pale.

Ikigoma kujengwa, DKMS anakwambia log (kumbukumbu ya ujenzi) iko wapi, kwa kawaida ni ndani ya /var/lib/dkms, kwenye folda ya draiva yako, faili linaitwa make.log. Lisome kuanzia juu, error ya kwanza ndo yenye maana, zile za chini ni matokeo tu. Mfano mmoja uliosumbua watu wengi wa 22.04 walipofika kerneli 6.5 ni huu:

`cc: error: unrecognized command-line option '-ftrivial-auto-var-init=zero'`

Ukiutazama unadhani draiva ni mbovu, kumbe hapana. Kerneli hiyo ilijengwa na gcc-12, kompaila yaani programu inayogeuza msimbo kuwa draiva au kerneli, wakati mashine ina gcc-11 tu, kwa hiyo kompaila ya zamani haielewi amri iliyopewa. `sudo apt install gcc-12`, rudia dkms autoinstall, imeisha. Ndo mana nasisitiza kusoma log, mtu asiyeisoma atazunguka wiki nzima anabadilisha draiva ambayo haina kosa.

Ila kama log inalalamika kuhusu majina ya ndani ya msimbo, vitu kama "implicit declaration of function" au "has no member named", hapo msimbo wa draiva umezeeka kuliko kerneli. Tafuta toleo jipya la hiyo draiva, na kwa vidude vya Realtek cheki kwanza kama bado unaihitaji, kwa sababu kuanzia 6.2 kerneli yenyewe inabeba draiva ya USB ya familia kama 8821CU na 8822BU. Nimeona mashine zinapigana humo ndani, draiva ya zamani ya DKMS na ya kerneli zote zinagombea kidude kimoja. Toa ya DKMS, acha ya kerneli ifanye kazi.

Imejengwa, installed imeandikwa, lakini bado haishiki

Jaribu kuiita kwa mkono, `sudo modprobe wl` kwa Broadcom au `sudo modprobe nvidia`, uone inajibu nini. Ikijibu "Key was rejected by service" basi ni Secure Boot, kinga inayokataa draiva isiyo na saini inayotambulika. Hakikisha kwa `mokutil --sb-state`.

Kuna dada mmoja wa ofisi ya utalii kule Njiro aliniletea Dell yenye Broadcom BCM43142, msimu wa wageni umeshachanganya na hawezi kutuma hata vocha ya hoteli. Waifai ilipotea baada ya apdeti, mtu akamwelekeza aende Additional Drivers aiwashe upya Broadcom, akafanya, ikamwomba atunge pasiwedi, akaristati, bado hamna. Nikamuuliza, "Dada, ilivyokuwa inawaka kulitokea skrini ya bluu?" Akasema, "Ndio kaka, ikaniuliza sijui nini, nikachagua ile ya juu ili iendelee." Hapo ndo penyewe. Ile skrini ya bluu ndo mahali pa kuikubali saini ya draiva, na chaguo la juu kabisa ni "Continue boot", yaani endelea bila kukubali, na ukishalipita ombi lenyewe linafutika. Hakuna aliyemwambia kwamba itakuja na inasubiri sekunde chache tu. Tukaomba upya (MOK ni ufunguo wa saini wa mashine yako mwenyewe):

`sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`

Ukatungwa pasiwedi mfupi, tukaristati, kwenye skrini ya bluu tukachagua "Enroll MOK", kisha Continue, kisha Yes, pasiwedi ule ule, reboot. Ile alama ya waifai ikarudi pale juu, akaanza kutuma vocha zake palepale mezani kwangu.

Wengine watakwambia zima tu Secure Boot kwenye BIOS. Inafanya kazi, ila kama mashine ina Windows pembeni na imefungwa kwa BitLocker, ukibadilisha hiyo Windows inaweza kukudai ufunguo wa kurejesha ambao wengi hawajui hata uko wapi. Kwa hiyo mi nashauri njia ya MOK.

Waifai na sauti zimekufa kwa pamoja

Vitu viwili visivyohusiana vikifa siku moja, fikiria kifurushi cha linux-modules-extra. Kwenye Ubuntu draiva nyingi za waifai na sauti ziko humo, na kama kerneli iliinstoliwa kwa mkono au apdeti iliishia njiani, kinaweza kuwa hakipo.

`sudo apt install linux-modules-extra-$(uname -r)`

Skrini nyeusi

Mara nyingi ni nvidia. Kwenye menyu ya GRUB simama juu ya kerneli mpya, bonyeza e, shuka mpaka mstari unaoanza na neno linux, nenda mwisho wake, acha nafasi, andika nomodeset, bonyeza F10. Itawaka na picha isiyopendeza ila utaona unachofanya. Hiyo ni ya mara moja tu, ukiristati inaondoka. Ukiandika nvidia-smi na ikakujibu "couldn't communicate with the NVIDIA driver" fuata njia ile ile ya juu, dkms status, heda, Secure Boot. Au mwachie Ubuntu achague mwenyewe:

`ubuntu-drivers devices`
`sudo ubuntu-drivers install`

Kwa wenye kadi za zamani za familia ya Fermi, GeForce za 400 na 500, niseme wazi. Draiva yenu ni ya mkondo wa 390 na NVIDIA waliacha kuihudumia mwishoni mwa 2022. Kila kerneli mpya itakuwa vita. Toeni hiyo draiva kwa `sudo apt purge '^nvidia-.*'`, ristati, na nouveau, draiva iliyo ndani ya kerneli, itashika. Kwa kuandika, kuvinjari na kuangalia video inatosha. Kwa gemu nzito haitoshi, na hapo chaguo ni kubaki kwenye kerneli ya zamani.

Sauti imebaki "Dummy Output"

Kabla ya yote fungua alsamixer uone kama kuna MM chini ya nguzo ya Master, hiyo ni mute, bonyeza m. Chalii mmoja wa Ngarenaro anayetengeneza biti alikuwa tayari ameshatafuta hela ya sauti kadi ya nje, kumbe ni MM. Kama siyo hivyo, laptopu nyingi za Intel za miaka ya karibuni sauti yake inapita kwenye fimwea (programu ndogo inayopakiwa ndani ya kifaa) ya SOF, iliyo kwenye kifurushi cha firmware-sof-signed, na ikibaki ya zamani wakati kerneli imepanda, sauti inakata. Angalia:

`sudo dmesg | grep -iE 'sof|snd|firmware'`

Hapo hapo niongelee fimwea kwa ujumla. Mstari ukisema "Direct firmware load for" jina fulani "failed with error -2", maana yake faili hilo halipo, na sasa ndo unayo sababu ya kutumia bando kwenye linux-firmware. Isipokuwa kwa Intel iwlwifi, huyo ana tabia ya kuomba faili jipya kabisa kwanza, akikosa anashuka kwenye la zamani zaidi mpaka apate, kwa hiyo unaweza kuona error -2 na waifai bado iko vizuri. Kinachotisha kwake ni "no suitable firmware found".

Tachpedi ikifa jaribu `sudo modprobe -r psmouse` halafu `sudo modprobe psmouse`. Modemu ya Huawei isipoonekana, angalia lsusb, namba yake inaanza na 12d1, kama ipo ila inaonekana kama flashi tu basi kifurushi cha usb-modeswitch hakipo.

Haifiki hata kwenye login

Ukiona "Kernel panic" na chini yake "Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)", hiyo siyo diski kufa. Mara nyingi initramfs (faili la kuanzia kuwasha) ya kerneli mpya haikumaliza kutengenezwa, na sababu zake huku kwetu ni mbili. Ya kwanza ni umeme kukatika katikati ya apdeti na betri ya laptopu ya mtumba haikai, ya pili ni sehemu ya /boot, zinakokaa kerneli, kujaa. Waka na kerneli ya zamani, kisha:

`df -h /boot`
`sudo dpkg --configure -a`

Kama /boot iko 100%, punguza kerneli za zamani kwa `sudo apt autoremove --purge`, yeye anajua kutofuta unayotumia. Usiingie kwenye /boot ukaanza kufuta mafaili kwa mkono, tafadhali sana, hapo ndo mashine inapokufa kweli. Nafasi ikipatikana rudia dpkg, halafu `sudo update-initramfs -u -k all` na `sudo update-grub`. Na apdeti za kerneli zifanye ukiwa umechomeka chaja na betri ina kitu, siyo saa mbili usiku wakati mtaa wenu umeme unacheza.

Kama bado, kaa kwenye ya zamani kwa muda

Ukikwama, fungua /etc/default/grub, weka GRUB_DEFAULT=saved, na chini yake GRUB_SAVEDEFAULT=true, piga `sudo update-grub`, halafu ingia kwenye kerneli ya zamani mara moja kupitia menyu, kuanzia hapo ataikumbuka. Kuzuia mpya zisiendelee kuja:

`sudo apt-mark hold linux-image-generic linux-headers-generic linux-generic`

Wa HWE mnaongeza -hwe-22.04 mwishoni mwa kila jina. Ila kerneli ndo inabeba marekebisho mengi ya usalama, kwa hiyo jiwekee kwenye kalenda ya simu, baada ya wiki kadhaa draiva yako ikipata toleo jipya rudisha kwa `sudo apt-mark unhold` na majina yale yale. Na ukienda kuomba msaada popote, kwa fundi au kwenye kundi la WhatsApp, usiseme "waifai haifanyi kazi" tu, peleka majibu ya uname -r, lspci -nnk, dkms status na mistari ya dmesg yenye jina la draiva, kama maandishi na siyo picha ya skrini iliyopigwa kwa kutikisika, mtu atakujibu akiwa kwenye foleni ya daladala kabla hajafika nyumbani.